Ukuta, Jiwe na Mwenye Mali: Michoro ya Hadharani katika Nchi ya Abagusii

Utangulizi

Uhakiki wa sanaa katika Afrika Mashariki umejishughulisha kwa muda mrefu na kazi zinazoweza kushikwa mkononi: riwaya, diwani, tamthilia, na hata kinyago kinachowekwa rafuni. Kazi iliyochorwa ukutani au iliyochongwa mwambani imeachwa pembeni, kana kwamba si zao la mtunzi bali ni sehemu ya jengo au ya mlima. Matokeo ya upungufu huo huonekana siku mwenye ukuta anapoamua kuubomoa. Siku hiyo mwanasheria huwa na la kusema, mhandisi huwa na la kusema, naye mwenye kiwanja huwa na hati yake mkononi. Anayekosa neno ni mhakiki, kwa sababu hakuwahi kuisoma kazi hiyo ilipokuwapo.

Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo katika nchi ya Abagusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, ambako mgogoro baina ya michoro ya hadharani na matumizi ya mali umechukua sura ya pekee. Hoja kuu ni kwamba thamani ya mchoro wa hadharani haiwezi kupimwa kwa uzuri wake tu, wala kwa umri wake tu. Hapana budi ipimwe kwanza kwa uhusiano wa mchoro huo na mahali ulipo na watu unaowasemesha. Mhakiki akikubali kipimo hiki ataona kwamba si kila ukuta unastahili kuhifadhiwa. Ataona pia kwamba baadhi ya kazi zinazostahili kabisa zinaangamizwa na mikono isiyokuwa na uadui wowote na sanaa.

Ukuta kama Msemaji

Mchoro wa hadharani unasimama baina ya fasihi simulizi na fasihi andishi. Unafanana na maandishi kwa kuwa mtunzi anaweza kuondoka na kazi yake ikabaki. Unafanana na masimulizi kwa kuwa haukamiliki bila hadhira iliyopo mahali pale pale. Maneno ya khanga hutembea na aliyeivaa. Maneno ya matatu hupita barabarani yakatoweka. Kitabu hufungwa kikapelekwa ng'ambo. Ukuta hauondoki. Husema jambo lile lile kila siku kwa watu wale wale, wanapokwenda sokoni na wanaporudi, mpaka wanaacha kuutazama huku wakiendelea kuusikia. Ndiyo sababu mtu huweza kupita mbele ya picha miaka kumi bila kuisifu hata mara moja, kisha ikifutwa akahisi amepotea njia.

Mjini Kisii, na katika miji midogo kama Nyamira, Keroka na Ogembo, wasemaji wa aina hii ni wengi na hawana majina makubwa. Bucha lina ng'ombe wake. Kinyozi ana vichwa vyake vilivyonyolewa kwa mitindo mbalimbali. Duka la dawa za mifugo lina jogoo mwenye afya kuliko majogoo wote wa mtaani. Shule ya watoto wadogo ina alfabeti na ramani ya Kenya, na zahanati ina mama aliyempakata mtoto. Kifani, kazi hizi zina kanuni zake: sura hugeuzwa itazame barabara, rangi hukolezwa ili ionekane kutoka ndani ya gari linalokwenda, na maneno hupunguzwa mpaka likabaki lile lisiloweza kukosekana. Lugha inayochaguliwa, iwe Ekegusii, Kiswahili au Kiingereza, humweleza msomaji ni nani anayesemeshwa: jirani, msafiri, au mkaguzi wa serikali.

Kazi hizi zimepata wapinzani wawili. Wa kwanza ni bango la plastiki linalopigwa chapa kwa mashine, ambalo ni rahisi na huwekwa kwa siku moja. Wa pili ni kampuni kubwa za simu, za vinywaji na za rangi, ambazo hulipaka jengo zima rangi zao bila kumgharimu mwenye duka. Katika hali zote mbili ukuta bado unasema, lakini msemaji amehamia mji mwingine. Sentensi inayosomwa Kisii ndiyo inayosomwa Kakamega na Meru. Mpita njia anasemeshwa kama mnunuzi wa mahali popote, si kama mtu wa hapo.

Hata hivyo mhakiki asiwe mwepesi wa kulia. Mchoraji wa maduka mwenyewe hufuta kazi yake ya zamani na kuchora juu yake kila rangi inapopauka. Kurudia ni sehemu ya fani hii, kama vile hadithi inavyosimuliwa upya kila jioni bila mtu kudai kwamba ile ya jana ilipaswa kutunzwa. Kuugandisha ukuta wa kinyozi kwa amri ya serikali kungekuwa kutoielewa kazi yenyewe. Kinachopotea hapa si picha moja, bali ni nafasi ya mchoraji ya kuichora tena.

Ardhi Iliyobanana

Mgogoro huu hauwezi kueleweka bila kuitazama ardhi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Kaunti ya kwanza ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na ya pili ina zaidi ya 600. Shamba lililokuwa la babu hugawiwa wana, kisha wajukuu, mpaka kiambaza cha jirani kinakuwa hatua chache kutoka mlangoni. Mji wa Kisii umebanwa na vilima. Usipoweza kutanuka pembeni, hupanda juu. Duka la zamani hubomolewa likajengwa jumba la ghorofa kadhaa, na ukuta wake wa mbele husogezwa mpaka ukingoni mwa barabara.

Katika mazingira hayo, kumwita kila mwenye kiwanja adui wa utamaduni ni kurahisisha mambo kupita kiasi. Wengi wao ni walimu, wafanyabiashara na wastaafu waliokopa ili wajenge vyumba vya kupangisha, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo inayolipa karo za shule. Mtu wa aina hiyo akiambiwa kwamba ukuta wake ni urithi wa umma, ana haki ya kuuliza ni lini umma huo ulimsaidia kulipa deni la benki.

Swali hilo linapaswa kupelekwa kwa mamlaka ya kaunti. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti mambo matatu ambayo ukutani hukutana uso kwa uso: upangaji na ustawishaji wa eneo, shughuli za utamaduni, na udhibiti wa matangazo ya nje. Mamlaka inayopitisha ramani za majengo ndiyo inayotarajiwa kuutunza utamaduni, na ndiyo pia inayosimamia mabango. Bango la kampuni huleta ada. Picha ya mama na mtoto kwenye zahanati haileti kitu. Haihitajiwi hila wala rushwa ili mizani ielemee upande mmoja.

Tabaka: Sanaa Inapoila Sanaa

Kama mambo yangeishia kwenye kuta za mjini, mgogoro wa nchi ya Abagusii usingetofautiana sana na wa mahali pengine. Upekee wake umo katika mwamba. Huko Tabaka, Mugirango Kusini, ndiko linakochimbwa jiwe laini linalojulikana duniani kama jiwe la Kisii, jeupe, la waridi au la kijivu. Kwa kawaida wanaume hulichimba na kulichonga, na wanawake hulisugua kwa maji na msasa mpaka ling'ae. Kutoka hapo huenda Nairobi, Mombasa, Ulaya na Marekani likiwa bakuli, kiboko, sabuniwekeo au sanamu ya familia iliyoshikana mikono.

Jiwe hilo hilo, huko Goti Chaki katika eneo la Tabaka, lina michoro iliyochongwa na watu wa kale: vishimo vidogo vya duara, na mistari inayopinda na kujizungusha juu ya uso wa mwamba. Hii ndiyo michoro ya hadharani ya kale zaidi katika eneo hilo. Haikufanywa kwa ajili ya soko, na haiwezi kuhamishwa bila kukatwa. Ulaini uliomwezesha mchongaji wa kale kuandika ndio unaomwezesha mchimbaji wa leo kulipasua jiwe kwa sururu, ndio pia unaoifanya mvua iifute michoro polepole. Uhai wa kazi hiyo na hatari yake vimetoka katika sifa moja ya jiwe.

Hapo ndipo picha iliyozoeleka, ya mjenzi tajiri upande mmoja na msanii maskini upande wa pili, inapoanguka. Anayeutishia mwamba wa Goti Chaki ni mchimbaji anayemtafutia mchongaji malighafi. Sanaa ya leo inaila sanaa ya jana, tena kwa njaa ya kweli. Kwa bahati ya lugha, jina la mahali hapo linafanana na neno la Kiswahili lenye maana ya daraja la watu katika jamii, na bahati hiyo inastahili kutafakariwa. Bei ya kibakuli hupangwa mbali na machimbo. Kati ya mchongaji na rafu ya duka la ng'ambo wamesimama madalali na wasafirishaji, na sehemu inayorudi Tabaka ni ndogo. Mchongaji akilipwa kidogo kwa kila kipande, hana budi kuchonga vipande vingi. Vipande vingi huhitaji mawe mengi, na mawe mengi huusogeza mdomo wa machimbo karibu zaidi na michoro. Kwa hiyo bei hafifu ya sanaa mpya ni mojawapo ya nguvu zinazoila sanaa ya kale.

Kuna kinaya kimoja kinachofaa kutajwa. Mchongaji Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, ana sanamu ya ndege wa amani iliyochongwa kwa jiwe la Kisii, na sanamu hiyo imewekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Jiwe lililosafiri limepata heshima na ulinzi wa shirika lenye jukumu la kutunza urithi wa dunia. Jiwe lililobaki nyumbani, ambalo lilichongwa kabla ya shirika hilo kuwapo, liko wazi kwa mvua na sururu. Dunia imejifunza kuipenda kazi ya Tabaka inayobebeka. Haijajifunza kuipenda ile isiyobebeka.

Mifano Mitatu ya Kulinganisha

Ili kupata kipimo cha haki, yafaa kutazama kuta tatu za mahali pengine.

Wa kwanza uko Mombasa. Ndani ya Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno baina ya mwaka 1593 na 1596, askari wa Kireno walichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu meli, samaki na watu. Hawakuagizwa na mtu. Walikuwa wakipoteza muda wakiwa mbali na kwao. Ngome ilitwaliwa na Waomani mwaka 1698, ikatumiwa na Waingereza kuwa jela hadi mwaka 1958, kisha ikafanywa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Leo michoro ile ya kupitisha muda hutunzwa na kuonyeshwa kwa wageni. Funzo lake ni kwamba hakimu wa zama zake hawezi kujua kipi kitakachokuwa na thamani baadaye. Funzo la pili ni chungu zaidi: mikwaruzo ya mvamizi imepata paa, ilhali michongo ya wenyeji wa kale wa Goti Chaki haina.

Wa pili uko Murang'a. Mwaka 1959 Elimo Njau, msanii kutoka Marangu aliyesoma Makerere, alichora maisha ya Kristo katika kuta za kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Alimweka Kristo katika mandhari ya Agikuyu, miongoni mwa watu wenye sura za watu wa pale. Kazi hiyo haiwezi kutenganishwa na ukuta wake, kwa maana maudhui yake ni madai kwamba mambo hayo yanahusu mahali hapo. Ikihamishiwa jumba la sanaa la jijini itabaki kuwa nzuri, lakini dai lake litakuwa limekufa. Imedumu kwa sababu mwenye ukuta na hadhira ni watu wale wale: wanaosali humo ndio wanaosemeshwa. Pale umiliki na hadhira vinapokaa nyumba moja, mlinzi hahitajiki.

Wa tatu uko New York, katika eneo la Queens. Mwenye karakana kuukuu iliyojulikana kama 5Pointz aliwaruhusu wachoraji kuzitumia kuta zake kwa miaka mingi, mpaka pakawa mahali pa kutembelewa na watu kutoka nchi nyingi. Alipotaka kujenga maghorofa ya makazi, usiku mmoja wa Novemba 2013 alizipaka kuta hizo rangi nyeupe, na jengo likabomolewa mwaka 2014. Wachoraji walikwenda mahakamani wakitegemea sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda haki za wasanii wa sanaa za kuonwa. Mwaka 2018 wachoraji 21 walipewa fidia ya dola milioni 6.75 kwa kazi 45, na mahakama ya rufani ilithibitisha hukumu hiyo mwaka 2020. Maghorofa yalijengwa hata hivyo. Sheria haikumkataza mwenye mali kujenga. Ilimwadhibu kwa kuzifuta kazi hizo kabla ya wakati na bila kuwaarifu wenyewe, ilhali kubomoa kwenyewe kulikuwa bado miezi kadhaa mbele. Kosa lake lilikuwa haraka na dharau.

Sheria ya Kenya na Pengo Lake

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humpa mtunzi haki ya kutambuliwa na ya kupinga kazi yake isipotoshwe, isikatwekatwe wala isidhalilishwe kwa namna inayoharibu heshima yake. Haitaji waziwazi kubomoa. Mchoraji wa ukuta wa zahanati anaweza kulalamika ng'ombe akiongezwa pembe tatu; ukuta mzima ukianguka, dai lake huwa gumu zaidi. Kwa upande wa mwamba, mtunzi hayupo tena wa kudai. Hapo hutegemewa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, ambayo inataja michoro na michongo ya mwambani miongoni mwa vitu vinavyoweza kulindwa kama kumbukumbu za taifa. Nayo Katiba, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na katika kifungu cha 40 inailinda mali ya mtu na kutaka alipwe fidia ya haki dola linapoitwaa.

Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja vinaonyesha njia. Taifa likitaka mwamba wa Goti Chaki ubaki, ni lazima limtazame usoni mwenye shamba lenye mwamba huo. Kibao cha onyo peke yake hakitoshi, kwa kuwa kinamtaka mtu mmoja, tena asiye tajiri, agharimie kumbukumbu ya watu wote. Akisikia njaa atakizunguka kibao hicho usiku, na haitakuwa haki kumshangaa.

Hitimisho

Kutokana na hayo, kipimo kinachopendekezwa ni swali moja: je, ukuta au jiwe likiondoka, neno lake linaweza kusemwa tena kwa watu wale wale? Ng'ombe wa bucha anaweza kuchorwa upya kwenye ukuta mpya. Anachohitaji ni mchoraji mwenye kazi. Kwa hiyo kaunti ingeweza kufanya jambo dogo lenye manufaa: kuwapa wachoraji wa mitaani kuta za shule, masoko na hospitali zake, na kumtaka kila anayebomoa jengo lenye mchoro wa umma atoe taarifa mapema ili mchoro upigwe picha na mchoraji aarifiwe. Hilo halimzuii mtu kujenga. Linamzuia kufuta usiku.

Mwamba wa Goti Chaki hauwezi kusemwa tena. Lugha yake ilikuwa jiwe lile, mahali pale, na wasemaji wake wamekwisha kuondoka. Kwa ajili yake hakuna budi kuwe na mpaka uliopimwa, fidia kwa mwenye shamba, na bei ya jiwe iliyo bora kiasi cha kumwezesha mchongaji kuishi kwa kuchimba kidogo. Hatua hii ya tatu ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inayosahauliwa na watetezi wengi wa turathi, ambao hupenda mwamba bila kutaka kujua kibakuli cha mezani mwao kilinunuliwa kwa kiasi gani.

Idara za lugha nazo zina deni. Wanafunzi wametumwa vijijini kukusanya methali, vitendawili na nyimbo, na kazi hiyo imeokoa mengi. Hawajatumwa kusoma kuta. Mwanafunzi mmoja akitembea kutoka Keroka hadi Tabaka akiwa na daftari na kamera, akaandika kila neno na kila picha, nani aliichora, kwa lugha gani, na nani anaimiliki, atakuwa amekusanya sehemu ya fasihi ambayo haimo katika maktaba yoyote. Kisha mwenye kiwanja atakapofika na hati yake, mhakiki naye atakuwa na kitu mkononi.